Kila Waraka na Mwenyewe: Maneno ya Kumuaga Mfamasia Mkuu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu. Ndugu Mkurugenzi Mkuu. Wakuu wa idara na wa wodi. Madaktari, wauguzi, wafamasia, watu wa maabara, wa jikoni, wa usafi na wa getini, ambao msipofika kazini asubuhi moja tu sisi wengine wote tunageuka wageni. Na ninyi familia ya mwenye shughuli, mume, watoto na wajukuu mliokuja mkapendeza hivi: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Na niliyemruka aniwie radhi, maana huyu aliyesahau kumtaja ndiye anayelipwa na hospitali hii kwa kazi ya kupanga mambo yasipotee.

Nilipoambiwa niseme machache leo, nilishtuka. Mimi si mfamasia. Humu ukumbini wamo waliosoma darasa moja na Mfamasia Mkuu wetu, wamo waliofanya kazi naye tangu jengo la wagonjwa wa nje halijaezekwa. Kwa nini wasisimame wao, nisimame mimi niliyekuja juzi? Nikashuka hadi famasi kumwuliza mwenyewe. Akaniangalia juu ya miwani yake, akasema, "Kwa sababu katika watu wote wa hospitali hii, wewe ndiye tuliyegombana naye zaidi. Wengine watanisifu tu."

Basi, ndugu zangu, nimekuja kuzungumzia ugomvi. Na nitamwita kwa jina ambalo nyote mnalitumia akiwa hayupo, naye analijua siku nyingi: Mama Breki. Naona mnacheka. Mume wake ameniambia pale mlangoni kwamba hata nyumbani hakuna kinachoingia kwenye friji bila kubandikwa tarehe, na kwamba yeye mwenyewe haketi sana kwenye kochi, asije naye akabandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kwanza niwaeleze kazi yangu, maana wengi huniuliza kwa adabu kisha huondoka bila kuelewa. Mimi ni msanifu wa taarifa. Msanifu wa majengo huamua mlango ukae wapi na ngazi ipande upande gani. Mimi huamua waraka ukae wapi, uitwe jina gani, nani aruhusiwe kuufungua, na mtu mwenye haraka aufikie vipi bila kupigia simu marafiki zake watatu. Ndiyo kazi nzima. Mama mkwe wangu amejaribu kuwaeleza majirani akachoka. Siku hizi anasema tu, "Mkwe wangu yuko hospitali," anaachia hapo hapo, nao wanadhani mimi ni daktari, naye hawasahihishi.

Nililetwa hapa kwa sababu Mkurugenzi wetu alikuwa na hasira ya haki. Mnakumbuka alivyosema kwenye kikao kile? Alinyanyua simu yake, akasema, "Kwenye hiki kidude naandika neno moja napata dunia nzima. Inakuwaje ndani ya hospitali yangu mwenyewe siwezi kupata fomu ya likizo?" Watu wakapiga makofi. Nani asingepiga? Miongozo ya tiba ilikuwa kwenye kompyuta za idara, taratibu kwenye kompyuta za wakuu wa idara, na kumbukumbu za vikao kwenye barua pepe za makatibu waliokwisha kuhama. Ndipo ikaamuliwa tuwe na mfumo mmoja wa utafutaji, kisanduku kimoja: mfanyakazi yeyote anaandika neno, anapata waraka, popote ulipo. Na ikaamuliwa uzinduliwe siku ya maadhimisho ya hospitali, mbele ya wageni.

Kwenye kikao cha kwanza cha mpango huo, baada ya mimi kuonyesha picha zangu nzuri ukutani, mkono mmoja ulinyooshwa. Ulikuwa wa Mama Breki. Hakuuliza bei, hakuuliza tarehe. Aliuliza, "Kikileta jibu ambalo si sahihi, mgonjwa amwulize nani?"

Nikamjibu kitaalamu. Nilijibu vizuri sana, kwa maneno marefu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sijasikia jina la mtu." Akakaa chini. Na kuanzia siku hiyo akakataa katakata kuziingiza nyaraka za famasi katika mfumo wetu.

Nilimfuata mara nyingi. Nilibembeleza, nilinuna, nilimpitia kwa wakubwa. Siku moja nikamwambia wazi, "Mama, unatuchelewesha." Alikuwa anahesabu vidonge, hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, kuchelewesha ndiyo kazi yangu. Dawa isiyofaa ikicheleweshwa, hakuna anayekufa."

Wakati huo mimi nilikuwa nazunguka wodini. Nilikaa kwenye mabenchi na wauguzi wakati wa kubadilishana zamu, nikawauliza swali moja: mara ya mwisho ulipotafuta kitu ukakikosa, ulikuwa unataka nini, na uliandika maneno gani? Nikajifunza jambo ambalo ningependa kila mwandishi wa waraka alisikie. Watu hawatafuti kwa lugha ya aliyeandika. Wanatafuta kwa lugha ya shida waliyo nayo. Aliyeandika ameandika "utupaji wa vitu vyenye ncha kali". Anayetafuta, kidole kinamtoka damu, anaandika "nimechomwa sindano nifanyeje". Watu hao wawili wanazungumzia kitu kile kile, na wanaweza kupishana mpaka kiyama.

Nilijifunza pia kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kila idara ilitaka nyaraka zake ndizo zitokee juu. Na majina ya nyaraka zenyewe! Nilikuta "Mwongozo Mpya", nikakuta "Mwongozo Mpya wa Mwisho", kisha "Mwongozo wa Mwisho Kabisa", na chini yake, maskini, "Tumia Huu Sio Ule". Ndugu zangu, msiangaliane. Kila idara ilikuwa nao.

Siku zikakimbia. Maadhimisho yakakaribia. Amri ikatoka juu kwamba famasi nayo itoe nyaraka zake kama idara nyingine, tuanze majaribio katika wodi ya watoto. Mama Breki alizitoa. Hakugoma tena, kwa sababu yeye ni mtu wa utaratibu, lakini aliponikabidhi aliniambia, "Nimezitoa zote kama mlivyotaka. Zote." Nilidhani ananikejeli. Kumbe alikuwa ananionya, na mimi sikusikia.

Sasa nafika mahali penyewe. Daktari ninayemzungumzia yumo humu ukumbini, na ameniruhusu niseme. Alikuwa mgeni kazini, amepangiwa wodi ya watoto, na alikuwa miongoni mwa wale tuliowafundisha kuutumia mfumo. Asubuhi hiyo alikuwa anamruhusu mtoto aliyelazwa kwa degedege. Mtoto amepona, anacheza na kamba ya pazia, mama yake amekwisha kufunga mzigo. Ilibaki dawa ya maji ya kwenda nayo nyumbani. Daktari akafanya kile kile tulichomfundisha: aliandika "degedege dawa ya maji watoto", jibu la kwanza likaja, akalisoma kwa makini, akapiga hesabu yake kwa uzito wa mtoto, akaandika. Hesabu ilikuwa sahihi. Waraka ndio ulikuwa mfu.

Nieleze vizuri ili sote tuelewe. Dawa ile zamani ilikuja katika chupa ya dawa nyepesi, isiyo na nguvu sana. Baadaye ikaja chupa nyingine ya dawa ile ile, lakini yenye nguvu maradufu, kwa hiyo kiasi cha kumpa mtoto kikapungua nusu. Mwongozo mpya uliandikwa, tena uliandikwa vizuri. Lakini mwongozo mpya ulitumia neno "mtukutiko", jina la kitaalamu la ugonjwa ule ule. Neno "degedege" halikuwamo hata mara moja. Mwongozo wa zamani ulikuwa nalo kila mstari. Tena mfumo wetu ulipendelea waraka uliofunguliwa na watu wengi, na ni upi uliofunguliwa na watu wengi, kama si ule uliokaa miaka na miaka? Kwa hiyo mfumo ukafanya kazi yake barabara, ukamletea daktari dozi ya chupa ya zamani, wakati rafuni famasi kulikuwa na chupa mpya.

Mama wa mtoto akateremka na karatasi yake hadi dirisha la dawa. Dirishani siku hiyo alikuwepo Mama Breki mwenyewe. Mnajua alivyo: cheo kikubwa, ofisi anayo, lakini hakuacha kushika zamu ya dirishani. Akaisoma karatasi. Akamtazama mtoto mgongoni mwa mama yake. Akauliza, "Ana kilo ngapi huyu?" Akaambiwa. Akaiweka karatasi mezani taratibu, akasema, "Kaa hapa, mama. Nipe muda kidogo."

Yule mama si mjinga. Akauliza, "Kuna tatizo?"

"Lipo," Mama Breki akamwambia. "Lakini halijamfikia mwanao."

Hakupiga simu. Alipanda ngazi mwenyewe, na magoti yale anayoyalalamikia, mpaka wodini. Akamkuta daktari, akamvuta pembeni, akamwonyesha chupa. Muuguzi aliyekuwa karibu anasema hakusikia hata sauti ikipanda. Alimwona tu daktari amejishikiza ukutani. Mtoto alipewa dawa yake kwa kipimo sahihi, akarudi nyumbani mzima. Nilitaka hilo mlijue kwanza, ili msikilize yaliyobaki kwa utulivu.

Kikao kiliitishwa siku ile ile. Ndugu Mkurugenzi, uliniambia nisikufiche, kwa hiyo sikufichi: ulikuwa umekasirika. Daktari alitakiwa ajieleze. Mtu mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu leo amevaa tai nzuri, alisema, "Daktari mzima asijue dozi?" Mwingine akasema tatizo ni kompyuta. Mwingine akasema tatizo ni vijana wa siku hizi. Daktari alikuwa amekaa mwisho wa meza, machozi yanamtoka bila sauti, na kila mtu alikuwa anaangalia kalamu yake. Kumfukuza mtu ni kazi nyepesi sana, ndugu zangu, hasa akiwa mgeni na hana wa kumsemea. Na kila mmoja wetu angelala vizuri, akiamini tatizo limetoka nje ya geti na mkoba wake.

Mama Breki akasimama. Yeye ndiye aliyekuwa amemwokoa mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa ametuonya. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kusema "niliwaambia", alikuwa yeye. Nilijikaza kulisubiri neno hilo.

Alisema, "Waraka ule una sahihi yangu. Nilipoandika mpya, niliutangaza mpya. Sikuuondoa wa zamani. Niliuacha pale, na nikaendelea na shughuli zangu, kwa kuwa mimi najua kwamba umekufa. Huyu binti angejuaje? Amefuata waraka wenye muhuri wa hospitali na sahihi ya Mfamasia Mkuu. Mkimwandikia barua ya onyo, andikeni mbili. Ya kwanza iwe yangu."

Nilimwona Mkurugenzi anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anaivua tena. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Basi tufanyeje?"

Mama Breki akanyoosha kidole, na kilikuwa kimeelekea kwangu. "Mwulizeni huyu. Nimekuwa nikimzuia kwenda haraka. Sijawahi kumzuia kufanya kazi."

Hapo ndipo mradi wetu ulipoanza hasa. Tuliacha kuzungumzia kisanduku, tukaanza kuzungumzia nyaraka. Nilikaa na Mama Breki famasi, kati ya katoni za glavu na mizani, tukauchukua waraka mmoja mmoja na kuuliza swali lile lile: huu ni wa nani? Si uliandikwa na nani. Ni wa nani leo? Nani atajibu kesho ukileta madhara? Tulikuta nyaraka nyingi mayatima. Wenyewe wamestaafu, wamehama, wengine wametangulia mbele ya haki, na nyaraka zao bado zinatoa amri wodini kama vile wenye nazo wapo ofisini. Tukaweka sharti: waraka usio na mtu hai wa kuujibia hauonekani kwenye utafutaji.

Tuligombana hapo pia, msidhani tuligeuka marafiki mara moja. Mimi nilitaka nyaraka zilizopitwa na wakati zifutwe kabisa. Nilitaka usafi. Akanikatalia. "Usifute," akasema. "Mtu aliyetibiwa kwa mwongozo ule bado yu hai. Siku akirudi na tatizo, daktari atataka kujua alipewa nini na kwa nini. Ukifuta, umemfutia historia yake." Nilikwenda nyumbani nimekasirika, nikarudi nimekubali. Ndiyo maana leo tuna ghala la kumbukumbu, ambako waraka wa zamani unapatikana kwa anayeutafuta makusudi, na kila ukurasa wake umeandikwa kwa wino mwekundu kwamba umepitwa na wakati. Na ndiyo maana kila mwongozo hai unabeba pia maneno ya watu: "degedege" imekaa karibu na "mtukutiko", na "nimechomwa sindano" inakupeleka moja kwa moja unakotakiwa kwenda.

Siku ya maadhimisho ikafika, na mfumo haukuwa tayari. Ndugu Mkurugenzi, watu hukusifu kwa majengo. Mimi nitakusifu kwa asubuhi ile uliposimama mbele ya wageni waliokuja kuona uzinduzi, ukasema, "Bado. Tumegundua kuna kazi hatukuifanya." Kiongozi kusema "bado" kwenye maikrofoni si jambo jepesi. Nilikuwa nimekaa nyuma, na niliona Mama Breki anapiga makofi peke yake kabla ya wengine kujua kama wapige.

Tulizindua baadaye, kimya kimya, kwa miongozo ya dawa peke yake. Kisha maabara, kisha upasuaji, kisha wengine. Sitawadanganya kwamba tumefika. Wiki iliyopita tu mtu alitafuta fomu ya likizo akaletewa utaratibu wa kufua mashuka. Lakini utaratibu ule wa mashuka una jina la mtu chini yake, nami nilimpigia, akacheka, tukarekebisha. Na yule daktari aliyekuwa amejishikiza ukutani? Yule pale, ameinamisha kichwa. Leo ndiye mwenyekiti wa kamati ya kupitia miongozo ya tiba ya watoto. Aliomba mwenyewe.

Watu huniuliza, somo kubwa la mradi ule lilikuwa nini? Hunitaka nitaje teknolojia. Mimi huwaambia kwamba kutafuta ni sehemu ndogo. Hospitali, kampuni, chuo, popote pale, mfumo utawaletea kile mlichokitunza na kile mlichokitupa ovyo, kwa kasi ile ile na kwa sura ile ile. Hauwezi kujali kwa niaba yenu. Je, tulikuwa tayari kujali? Wengi wetu hatukuwa. Mmoja alikuwa, na tulimwita breki.

Nimalizie na jambo la juzi. Mtu akistaafu hapa hukabidhi funguo na kitambulisho. Mama Breki alikuwa na cha zaidi: kila waraka uliobeba jina lake ulihitaji mwenyewe mpya. Mfamasia atakayemrithi ni kijana mtaratibu, mwenye sauti ndogo. Nilidhani itakuwa kazi ya dakika chache, nibadilishe jina moja kwa jingine kwenye zote kwa pamoja. Mama akaniambia nikae. Akamwuliza mrithi wake, "Huu umeusoma?"

"Nimeusoma, Mama."

"Basi niambie unasema nini."

Wakaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, siku nzima. Hakumwachia hata mmoja asioweza kuueleza. Wakafika kwenye waraka wa maelekezo kwa wazazi wanaokwenda na dawa nyumbani. Kijana akaueleza vizuri, kisha akasita. "Mama, hapa nina neno."

"Sema."

"Tunawaambia wazazi wapime kwa kijiko kidogo. Vijiko vya nyumbani havilingani. Cha kwetu ni kikubwa, cha jirani ni kidogo. Nadhani tuwape bomba la kupimia, lile la plastiki kama la sindano, na maelekezo yaseme bomba."

Nilijua waraka ule Mama aliuandika mwenyewe, na alikuwa akijivunia. Nikashika meza. Mama Breki akausoma tena ule mstari, akausoma tena. Kisha akamwuliza, "Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Nilikuogopa, Mama."

Akacheka. Ndugu zangu, alicheka mpaka akavua miwani. Akanigeukia, akasema, "Andika bomba. Na jina langu litoe, weka lake." Nikalitoa. Akaitazama skrini kidogo, jina la kijana lilivyokaa mahali palipokuwa pake, akasema, "Haya. Sasa waraka huu umepata mtu." Akachukua mkoba wake, akazima taa ya upande wake wa meza, akamwacha kijana akiendelea kusoma.

Mama, umenifundisha kazi ambayo nilidhani nimekuja kukufundisha wewe. Kwa niaba ya wote walioko humu, na kwa niaba ya watoto waliokwenda nyumbani wazima bila wazazi wao kujua jina lako, nakushukuru. Familia yake, tunawashukuru kwa kutuazima Mama. Tunamrudisha akiwa salama. Nanyi nyote mlionivumilia mpaka hapa na chai inapoa, Mungu awabariki kwa masikio yenu. Asanteni sana.